Asilimia 30 ya Kitu Gani? Maoni Juu ya Bei Mpya ya Kusaga

Ndugu wanachama,

Tangazo la Kamati ya Mashine limebandikwa hapa ubaoni tangu wiki iliyopita, na wote tumelisoma au tumesomewa. Linasema kwamba kwenye mkutano mkuu ujao tutaombwa kukubali bei ya kusaga ipande kutoka shilingi 1,000 hadi shilingi 1,300 kwa debe. Sababu zilizotajwa ni mbili: dizeli imepanda, na mapato ya mashine hayatoshi. Chini ya tangazo imeandikwa hesabu fupi. Madebe 1,200 kwa mwezi, mara 1,300, ni shilingi 1,560,000 badala ya shilingi 1,200,000 tunazopata sasa. Ongezeko ni asilimia 30. Katika kuzidisha hakuna kosa. Nimeirudia kwa mkono, kijana wangu akairudia kwa simu, na jibu ni lile lile.

Hata hivyo mimi napinga. Naomba nieleweke vizuri: sipingi bei kupanda, maana dizeli hainunuliwi kwa maneno. Napinga hiyo mia tatu, na napinga zaidi jinsi neno asilimia linavyotupwa mbele yetu kama vile likishatajwa basi mjadala umekwisha. Atakayeona hoja zangu ni pungufu aandike hapo pembeni, nafasi ya karatasi ipo.

Tuanze na dizeli, maana ndiyo inayosemwa sana pale kwenye benchi la mashine. Watu wanasema: dizeli imepanda asilimia 25, vipuri navyo vimepanda, basi na sisi tukipandisha asilimia 30 si tumelingana nao? Hapana, hatujalingana nao. Asilimia haisimami peke yake, ni lazima uulize ni asilimia ya nini. Kitabu cha mashine kinaonyesha kwamba dizeli na oili ya kusagia debe moja ilikuwa inatugharimu shilingi 400, na sasa ni shilingi 500. Zimeongezeka shilingi 100. Mia moja katika mia nne ni robo, yaani asilimia 25, kweli kabisa. Lakini mia moja hiyo hiyo ukiiweka juu ya bei ya kusaga, ambayo ni 1,000, ni asilimia 10 tu. Shilingi ni zile zile, kilichobadilika ni kile unacholinganisha nacho. Kwa hiyo mtu anayesema "dizeli imepanda robo, na kusaga kupande robo" anataka alipwe 250 kwa hasara ya 100.

Kwa dizeli peke yake, basi, haki ni bei kwenda 1,100. Hizo mia mbili nyingine Kamati ituambie ni za nini.

Sasa tuje kwenye mapato, ambako ndiko kwenye uzito. Hesabu ya Kamati imeshika madebe 1,200 yakabaki 1,200, kana kwamba bei ikipanda hakuna mama hata mmoja atakayebadili njia. Ndugu zangu, sisi wenyewe tunajua hilo si kweli, na hatuhitaji mtaalamu kutoka wilayani kutuambia. Kitabu kinasema. Miaka miwili iliyopita tulipandisha kutoka 800 hadi 1,000. Mwezi wa mwisho wa bei ya zamani tulisaga madebe 1,600. Bei mpya ilipokwisha kuzoeleka tukawa tunasaga 1,200. Wengine walikwenda kwa yule bwana wa njia panda, ambaye wakati ule alikuwa anatoza 900. Wengine walirudi kwenye kinu, hasa kwa mtama.

Hebu tupige. Bei ilipanda kutoka 800 hadi 1,000. Ongezeko ni 200, na 200 katika 800 ni asilimia 25. Madebe yalipungua kutoka 1,600 hadi 1,200. Pungufu ni 400, na 400 katika 1,600 ni asilimia 25 vile vile. Nakumbuka mwaka ule mwenzetu mmoja alisimama mkutanoni akasema, "Tumepanda 25, tumeshuka 25, ngoma droo," na watu wakapiga makofi. Ngoma haikuwa droo. Zamani 800 mara 1,600 ilikuwa shilingi 1,280,000. Baadaye 1,000 mara 1,200 ikawa shilingi 1,200,000. Shilingi 80,000 kila mwezi zimeondoka, na hizo katika 1,280,000 ni asilimia 6 na robo.

Wengi wataona ni kiinimacho. Kwa sisi wakulima kuna njia nyepesi ya kuliona jambo hili, nayo ni shamba. Chukua shamba la hatua 100 kwa hatua 100, ambalo lina hatua za mraba 10,000. Urefu ni bei, upana ni madebe, na eneo lote ni mapato. Sasa ongeza urefu kwa hatua 25, kisha punguza upana kwa hatua 25. Unapata 125 kwa 75, ambayo ni 9,375. Limepungua 625. Ule upana ulioukata umekatwa kwenye shamba ambalo tayari lilikuwa refu, kwa hiyo umekata pia sehemu ya urefu mpya uliouongeza. Asiyeamini achukue kamba aende uwanjani akapime.

Wala haijalishi unaanza na kipi. Punguza kwanza halafu ongeza, utaishia pale pale. Kupanda na kushuka kwa asilimia ile ile daima hukuacha chini ya ulipoanzia. Ikiwa ni asilimia 10 unapoteza 1 katika mia. Ikiwa ni 20 unapoteza 4. Ikiwa ni 30 unapoteza 9. Ikiwa ni 50 unapoteza 25, robo nzima! Kadiri asilimia inavyokuwa kubwa ndivyo pengo linavyokua, tena linakua haraka kuliko asilimia yenyewe.

Niseme kidogo habari ya korosho, ingawa si mada, kwa sababu watu husikia "mashine" wakalala lakini wakisikia "korosho" huamka. Msimu wa 2017/2018 bei ya mnada ilifika shilingi 4,000 na zaidi kwa kilo. Msimu uliofuata wakulima walikataa bei za minada, na Novemba 2018 serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300, na jeshi likaja kubeba. Kutoka 4,000 hadi 3,300 ni kushuka kwa 700, sawa na asilimia 17 na nusu. Je, ili bei irudi 4,000, ipande asilimia ngapi? Wengi watajibu 17 na nusu. Pigeni muone: asilimia 17 na nusu ya 3,300 ni shilingi 577 na senti, hufiki hata 3,900. Inatakiwa zile zile 700, lakini sasa zinapimwa juu ya 3,300, nayo ni asilimia 21 na ziada kidogo. Kwa hiyo mnunuzi akikuambia "mwaka jana niliwapunguzia asilimia 17, mwaka huu nimewaongeza asilimia 17, tusameheane," mwambie bado unamdai.

Na mkulima ambaye mwaka mmoja aliuza kilo 400 kwa 4,000, na mwaka wa pili mikorosho ikapata ubwiri unga akauza kilo 300 kwa 3,300, amepoteza asilimia ngapi ya mapato yake? Bei imeshuka 17 na nusu, mavuno yameshuka 25, na mtu wa haraka atajumlisha apate 42 na nusu. Lakini 1,600,000 imekuwa 990,000. Pungufu ni 610,000, yaani asilimia 38 na kitu. Kona ile ya shamba haiwezi kukatwa mara mbili. Hapa kujumlisha asilimia kumezidisha msiba, na kwenye mashine kujumlisha kulituficha hasara. Ndiyo sababu mimi nasema asilimia mbili za vitu viwili tofauti zisijumlishwe hata siku moja. Rudi kwenye shilingi, zidisha, ndipo ulinganishe.

Turudi kwenye mashine yetu.

Swali ambalo Kamati ilipaswa kuliandika kwenye tangazo ni hili: bei ikiwa 1,300, tunaweza kupoteza madebe mangapi kabla mapato hayajaanza kushuka chini ya yale ya leo? Gawanya 1,200,000 kwa 1,300, unapata 923. Maana yake tukishuka kutoka madebe 1,200 hadi 923 tutakuwa tumesumbuka bure, mapato yale yale. Pungufu hilo ni madebe 277, sawa na asilimia 23 ya madebe yetu. Angalieni, si asilimia 30. Ukipandisha bei asilimia 30 huna ruhusa ya kupoteza asilimia 30 ya wateja. Una ruhusa ya 23 tu. Wale waliosoma hesabu wataona ni 30 juu ya 130. Na ukipandisha asilimia 10, ruhusa yako ni 10 juu ya 110, yaani asilimia 9, madebe 109.

Na tukipoteza kwa kiwango kile cha mara iliyopita, yaani asilimia ya madebe kulingana na asilimia ya bei? Hapo tutabaki na madebe 840. Mara 1,300 ni shilingi 1,092,000. Kamati inatuahidi mapato yapande asilimia 30, kitabu chetu wenyewe kinatabiri yashuke asilimia 9.

Hapa nasikia Mweka Hazina akijibu, na jibu lake lina nguvu, kwa hiyo nitalieleza mwenyewe kabla hajasimama mkutanoni. Atasema: "Ndugu mwandishi, wewe unahesabu mapato peke yake. Tukisaga madebe machache tunachoma dizeli chache. Hesabu kinachobaki." Sawa, tuhesabu. Leo kila debe linaingiza 1,000 na kula 500 ya dizeli na oili, linabakisha 500. Madebe 1,200 yanabakisha shilingi 600,000, ambazo ndizo zinazomlipa mwendeshaji, zinazonunua mikanda, na zinazobaki kama ziada ya chama. Kwa bei ya 1,300 kila debe litabakisha 800, na madebe 840 yatabakisha 672,000. Kumbe zimeongezeka 72,000, asilimia 12! Mapato yameshuka asilimia 9, kinachobaki kimepanda asilimia 12. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Ndiyo maana nikaona niandike, maana mkutanoni mmoja angetaja 30, mwingine 9, mwingine 12, wote wakiwa na haki, na sisi tungepiga kura kwa kuangalia sauti ya nani ni kubwa.

Basi kwa nini bado napinga, kama chama kitapata 72,000 zaidi?

Kwa sababu sisi si yule bwana wa njia panda. Yeye mashine ni yake, na faida ni yake. Mashine hii ni ya wanachama, na wanaosaga ni wanachama hao hao au wake zao na watoto wao. Tuulize hizo 72,000 zinatoka wapi. Madebe 840 yatakayobaki, kila moja litalipa shilingi 300 zaidi. Mia tatu mara 840 ni shilingi 252,000. Zimetoka mifukoni mwetu kila mwezi. Halafu madebe 360 yatakayokimbia yalikuwa yanatubakishia 500 kila moja, jumla 180,000, nazo zimepotea. Toa 180,000 kwenye 252,000, zinabaki zile 72,000. Yaani tunachangishana shilingi 252,000 ili chama kipate 72,000. Kama shida ni 72,000, si afadhali tupitishe kofia?

Tena kuna gharama isiyoandikwa kwenye kitabu chochote. Madebe 360 hayatembei yenyewe. Yatabebwa kichwani kwenda njia panda, kilometa tatu kwenda na tatu kurudi, na tunajua ni kichwa cha nani. Hakuna asilimia yake kwenye tangazo.

Sasa mtazame bei ya 1,100. Kila debe litabakisha 600. Tukipoteza asilimia 10, yaani madebe 120, tutasaga 1,080. Mapato yatakuwa 1,188,000, yameshuka asilimia 1. Kitakachobaki ni shilingi 648,000, kimepanda 48,000, sawa na asilimia 8. Linganisheni: kwa bei ya 1,100 tunapata theluthi mbili ya faida ile ya Kamati, na tunapoteza theluthi moja tu ya wateja watakaopotea kwa bei ya 1,300. Wanachama watachanga 108,000 kupata 48,000. Si biashara nzuri sana hiyo nayo, nakubali. Lakini ni karibu nusu inayofika chamani, wakati kwa 1,300 haifiki hata theluthi.

Isitoshe, nimekwenda mwenyewe kuuliza bei ya njia panda. Leo ni 1,200. Kwa 1,100 sisi bado tuko chini yake, na mtu hatatembea kilometa tatu kwenda kulipa zaidi. Huenda hata hayo madebe 120 tusiyapoteze yote. Kwa 1,300 tutakuwa juu yake, na sidhani kama asilimia 30 ya kukimbia itatosha. Inaweza kuwa 40. Tukifika asilimia 37 na nusu, yaani tukibaki na madebe 750, mara 800 ni 600,000 kamili, faida yote imeyeyuka na tumebaki na lawama. Ukweli ni kwamba mara moja tu tumepandisha bei tukaandika matokeo, na jambo lililotokea mara moja si sheria. Lakini mara ile ya kwanza njia panda alikuwa anatoza 900 sisi tukaenda 1,000, tukampita, watu wakakimbia. Sasa tunataka kumpita tena.

Kijana mmoja alinicheka akasema mambo haya yote simu inayo, unabonyeza 1,000, unajumlisha 30 kwa mia, basi. Ni kweli simu inajibu, lakini inajibu ulichouliza. Hukuiuliza mama fulani atakwenda kusaga wapi. Na kuna swali jingine ambalo vijana hao hao wanakosa, hata walio sekondari. Niliwaambia: bei ya kusaga ni 1,000 baada ya kupanda asilimia 25, ilikuwa ngapi? Watatu kati ya wanne walitoa asilimia 25 ya 1,000 wakapata 750. Wakati bei ya zamani sote tunaijua, ni 800! Ile 25 ilipimwa juu ya bei ya zamani, si juu ya mpya. Ukipewa bei ya baadaye, sema hivi: ya zamani ilikuwa mafungu 100, ya sasa ni mafungu 125. Gawa 1,000 kwa 125, kila fungu ni 8. Mafungu 100 ni 800. Hakuna uchawi.

Jambo hili si la darasani tu. Risiti ya mikanda ya mashine, ile iliyobandikwa ofisini, ni shilingi 118,000 pamoja na kodi ya VAT. Kodi hiyo ni asilimia 18. Katika mkutano wa Kamati (nilikaribishwa kusikiliza) ilisemwa kwamba mikanda yenyewe ni 96,760 na kodi ni 21,240. Sivyo. Mikanda ni 100,000 na kodi ni 18,000, maana 118,000 ni mafungu 118. Tofauti ya shilingi 3,240 haiwezi kuua chama, lakini mtu anayepanga bei ya mwaka mzima kwa namna hiyo anaweza. Na kwa kuwa tumeitaja VAT: ilianza mwaka 1998 ikiwa asilimia 20, ikapunguzwa kuwa 18 mwaka 2009. Wapo waliosema kodi imepungua asilimia 2, wapo waliosema imepungua asilimia 10, wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Imepungua pointi 2, na pointi 2 katika 20 ni asilimia 10. Kila mmoja alikuwa na jibu la swali lake.

Wazee wetu waliojifunza kusoma kwenye madarasa ya kisomo, tangu ule Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima wa 1970, wanakumbuka kwamba hesabu zilizofundishwa zilikuwa za mizani na bei ya mazao, ili mtu asipunjwe. Leo mizani imekuwa ya kisasa, na mambo ya stakabadhi ghalani yameandikwa kwenye makaratasi tangu mwaka 2007, lakini hatuna darasa. Mimi naomba katibu atenge saa moja kabla ya mkutano, walimu wawili wa shule yetu watusaidie, tupige hesabu hizi pamoja kwa kitabu chetu wenyewe. Si za mfano wa maembe na machungwa.

Ninachoitaka Kamati ilete mkutanoni ni hiki. Kwanza, madebe ya kila mwezi kwa miaka miwili iliyopita, si mwezi mmoja uliochaguliwa, kwa sababu tunajua mwezi wa mavuno na mwezi wa njaa havifanani, na mtu anaweza kupata asilimia yoyote anayoitaka kwa kuchagua mwezi wa kuanzia. Hata mimi takwimu zangu za hapo juu nimezitoa kwenye miezi ambayo Kamati imeitaja, na zikija zote huenda picha ikabadilika, kwangu au kwao. Halafu iseme wazi dizeli inakula shilingi ngapi kwa debe la dona na ngapi kwa debe la sembe, maana sembe inapita kwenye kinu cha kukoboa kwanza, na sioni kwa nini anayesaga dona amlipie mwenzake. Huenda dawa iko hapo, bei mbili, dona ibaki 1,000. Sijaifanyia hesabu kwa sababu kitabu hakitenganishi.

Na iandike pendekezo lake kwa shilingi. Bei ya leo, bei ya kesho, madebe inayotegemea kubaki nayo, mapato, dizeli, kinachobaki. Asilimia ije mwisho, na kila mahali ilipo pembeni yake paandikwe "ya nini".

Pendekezo langu rasmi nitakaloliweka mezani ni shilingi 1,100 kwa debe kwa miezi mitatu, kisha kitabu kifunguliwe mbele ya wanachama. Kama madebe yatakuwa yamebaki juu ya 1,000 tutakuwa hatujapoteza kitu, maana 1,000 mara 600 ni zile zile 600,000 za leo. Yakishuka chini ya hapo bei irudi 1,000 mara moja, bila kungoja mkutano mwingine.

Kitabu cha mashine kipo kwa katibu, asubuhi saa mbili hadi saa sita isipokuwa Ijumaa. Kila mwanachama ana haki ya kukiona. Mwenye kalamu aje nayo, ya ofisini imekwisha wino.

Mwanachama mwenzenu,
Kitongoji cha Mashariki